Nani Amepima Udongo wa Kiwanja Kilichokuwa Kiwanda?

Kisiwani Mombasa hakuna tena ardhi tupu ya kuchezea, na wajenzi wa magorofa wanatupia macho viwanja vya viwanda: yadi na maghala ya zamani, gereji zilizohamwa. Sipingi. Watu wanataka nyumba, na ni afadhali kujenga palipokwisha kuchimbwa kuliko kukata mikoko. Ninalouliza ni moja tu: nani amepima udongo?

Mfano tunao hapa hapa. Owino Uhuru, kule Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kijiji cha watu wapata 3,000 kilipakana nacho ukuta kwa ukuta. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kukutwa na risasi mwilini. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe, na baada ya safari ndefu ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Moshi ulikuwa umekoma miaka 10 nyuma. Lakini risasi haiozi, wala masika haiiondoi. Hukaa juu juu, katika zile inchi chache ambazo watoto huchezea na kuku huparua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Ubongo ukishadhurika, haurudi ulivyokuwa.

Upimaji wenyewe huanza na karatasi na wazee, jembe baadaye. Hapa palifanywa kazi gani, miaka ipi, matangi yalikuwa wapi, taka zilimwagwa upande gani? Ramani za zamani husaidia, picha za angani husaidia, na mlinzi mstaafu aliyekuwa akiona mapipa yanafukiwa usiku husaidia kuliko zote. Hatua hii ni rahisi, nayo ndiyo ya kwanza kurukwa, nadhani kwa sababu haionekani kama kazi. Bila hiyo hujui utafute sumu gani. Yadi ya betri ina risasi na tindikali. Gereji ina oili na petroli. Palipotibiwa nguzo za mbao huenda pana aseniki. Palipotengenezwa ngozi, kromiamu.

Kisha ndio udongo. Kiwanja hugawanywa miraba, kila mraba hutolewa sampuli ya juu na ya chini, na pale historia ilipoonyesha huchimbwa zaidi. Kuna kifaa cha mkononi, mfano wa bastola, kinachosoma risasi kwa miale papo hapo. Kinaonyesha pa kuchimba, halafu maabara inathibitisha. Jihadhari na ripoti ya sampuli 3 kwa ekari 2. Sumu haikutandazwa kama biriani kwenye sinia. Imekaa madoa madoa, na sampuli 3 zaweza kuyakosa madoa yote.

Linalotugusa zaidi sisi ni maji. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu na nyufa, na kwa shida ya maji ya mfereji nyumba nyingi zina kisima. Risasi hushikamana na udongo, lakini petroli na dizeli huteremka, na katika jiwe kama hilo hufika haraka kisimani kwa jirani. Mvuke wake nao huweza kupanda hadi vyumba vya chini. Kupima udongo bila kupima visima vya kando ni nusu ya kazi.

Majibu yakitoka, huamuliwa pajengwe nini. Udongo unaovumilika kwenye yadi ya makontena iliyotiwa lami haufai chekechea wala madrasa. Dawa zipo: kuuchimbua na kuupeleka jaa lenye leseni, kuufunika kwa kizuizi na udongo safi, au kuuosha. London walipojenga bustani ya Olimpiki ya 2012 kwenye ardhi ya viwanda vikongwe Stratford, waliweka mitambo ya kusafisha udongo papo hapo, wakaiita hospitali za udongo, na sehemu kubwa ikatumika tena. Kumwaga malori mawili ya mchanga na kupanda nyasi si dawa. Atakayechimba shimo la choo kesho atairudisha sumu juu.

Nani alipe? Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira ya 1999 inashika msingi kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. NEMA inaweza kutoa amri ya kuirejesha ardhi katika hali yake. Shida ni kuwa mchafuzi mara nyingi keshauza na kwenda zake, akabaki mnunuzi, au mpangaji asiyejua lolote. Kwa hivyo naona kaunti isipitishe ramani ya nyumba za kuishi kwenye kiwanja cha kiwanda kabla ripoti ya udongo haijawekwa wazi. Miradi mikubwa tayari hudaiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Ukiliona tangazo lake, nenda ukaulize: historia ya kiwanja iko ukurasa gani, sampuli zilitolewa wapi na kwa kina gani, na visima vya jirani vilipimwa na maabara ipi?