Kinyonga huficha ugonjwa: Dalili za kutazama kabla hajafumba macho mchana

Januari 2021, maafisa wa forodha wa Austria walitangaza kwamba walikuwa wamemkamata abiria katika uwanja wa ndege wa Vienna akiwa na vinyonga 74. Alikuwa ametokea Tanzania kupitia Ethiopia, na wanyama hao alikuwa amewaficha ndani ya soksi na maboksi matupu ya aiskrimu.

Vinyonga hao, waliotoka milima ya Usambara, walipelekwa kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Watatu hawakupona.

Kwa msomaji wa Lushoto au Korogwe habari hiyo inaweza kuchekesha kidogo: kinyonga, ambaye watu wengi wanamkwepa njiani wakiamini ana mkosi au sumu (hana sumu yoyote), ni mnyama wa kufugwa sebuleni huko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Anawekewa kizimba cha wavu, taa zake na mmea wake, na ananunuliwa kwa pesa nyingi.

Shida ni kwamba wengi hufa mapema, na mara nyingi mwenye mnyama hajui hata nini kimemuua. "Jana alikuwa mzima" ndiyo kauli ya kawaida. Ukweli ni kwamba jana hakuwa mzima.

Kwa nini anaficha?

Porini kinyonga ni chakula cha nyoka na ndege. Hana mbio, hana meno ya kutisha, silaha yake kubwa ni kutoonekana. Akionyesha unyonge anajitangaza, kwa hiyo hujikaza hadi mwili unapomshinda.

Ndiyo maana dalili kubwa zinapoonekana, ugonjwa huwa umeshakaa wiki kadhaa, pengine miezi. Na mara nyingi chanzo hakikuwa kijidudu. Kilikuwa taa, maji, joto au chakula.

Anza na macho

Hapa ndipo pa kutazama kila siku. Macho ya kinyonga mzima yametokeza nje, ya duara, na hayatulii: moja linaangalia mbele, jingine nyuma, kila moja kwa safari yake.

Usiku hulala akiwa ameyafumba, na rangi yake hupauka. Hilo halina neno. Lakini kinyonga anayefumba macho mchana, taa zikiwaka, anaumwa. Hasinzii kama paka. Likifumba jicho moja tu, huenda ni uchafu, jeraha au maambukizi ya jicho hilo. Yakifumba yote mawili, hali ni mbaya na siku zinahesabika.

Macho yaliyozama ndani yana maana nyingine: mara nyingi ameishiwa maji mwilini. Yaliyovimba yanaweza kutokana na maambukizi, au upungufu wa vitamini A.

Kuna kitu kimoja kinachowatisha bure wafugaji wapya. Kinyonga huweza kulifanya jicho livimbe kwa muda mfupi, akalizungusha na kulisugua kwenye kijiti. Anajisafisha tu. Likirudi kuwa sawa muda si mrefu, hakuna tatizo. Likibaki hivyo hadi kesho yake, hilo ni jambo la daktari.

Rangi haisemi kila kitu

Watu hudhani rangi ndiyo kipimo cha afya. Si sahihi sana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba kinyonga wa Madagaska hubadilika rangi kwa kusogeza vijifuwele vidogo mno vilivyo ndani ya seli za ngozi. Nafasi kati ya vijifuwele ikibadilika, mwanga unaorudi nao hubadilika. Hali yake, kwa mfano anapopambana na dume mwenzake, huamua nafasi hizo.

Kwa hiyo kuwa mweusi asubuhi si ugonjwa: anajipasha joto, maana rangi nyeusi hunasa joto haraka. Kuwa mweusi kutwa nzima, siku baada ya siku, ndiyo habari. Huenda ana baridi, huenda anaumwa, au anaona kitu kinachomtisha: kinyonga mwenzake, paka wa nyumbani, au hata sura yake mwenyewe kwenye kioo. Vinyonga wawili kizimba kimoja ni ugomvi wa kimyakimya ambao mmoja hudhoofika nao.

Kinyesi kinasema zaidi kuliko ngozi

Kinyonga hakojoi kama sisi. Kinyesi chake kina sehemu mbili: kipande cha rangi ya kahawia, na kipande kama chaki. Hicho cha chaki ndicho mkojo wake, na kinatakiwa kiwe cheupe. Kikiwa cha njano nzito au cha rangi ya chungwa kila mara, mnyama hapati maji ya kutosha.

Hapo wafugaji wengi hushangaa, kwani bakuli la maji lipo palepale. Lakini vinyonga wengi hawalijui bakuli. Wao hulamba matone kwenye majani, kama yale ya umande au ya mvua. Maji yaliyotulia kwenye chombo hata hawayatambui kama kitu cha kunywa.

Dawa yake ni rahisi: kunyunyizia majani asubuhi na jioni kwa dakika kadhaa, si mara mbili tatu na kuondoka, na kuweka chombo kinachodondosha tone moja moja juu ya mmea. Vinyonga wengi huanza kulamba baada ya dakika chache, sio papo hapo.

Kosa kubwa ni kumfungua mdomo na kumpigia maji kwa bomba la sindano. Tundu la koromeo lake liko kwenye sehemu ya chini ya mdomo, nyuma ya ulimi, na maji yanaweza kuingia mapafuni.

Mifupa inapokuwa laini kama mpira

Huu ndio ugonjwa unaowaharibu vinyonga wengi wa kufugwa, hasa wadogo wanaokua na majike yanayotengeneza mayai.

Kinyonga anaota jua, ngozi yake inapata miale inayoitwa UVB, mwili unatengeneza vitamini D3, na vitamini hiyo ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza madini ya kalsiamu. Toa jua, mnyororo wote unakatika. Mwili ukikosa kalsiamu ya chakula huanza kuichukua kutoka kwenye mifupa yenyewe.

Katika nyumba za nchi za baridi jua hilo halipo, na kumweka karibu na dirisha hakusaidii kwa sababu kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote ya UVB. Inahitajika taa maalumu. Na taa hiyo ina ujanja wake: inaweza kuendelea kung'aa vizuri huku miale inayohitajika imeshapungua, na jicho la binadamu haliwezi kujua. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kutegemea aina.

Chakula nacho kina mchango. Nyenje na mende wanaofugwa kwa ajili ya reptilia wana kalsiamu kidogo sana. Wafugaji huwapaka unga wa kalsiamu kabla ya kumpa kinyonga, na wadudu wenyewe hulishwa majani mabichi kwanza. Ila vitamini D3 na vitamini A zikizidi nazo hudhuru, kwa hiyo si suala la kumwaga poda nyingi ndiyo apone haraka.

Dalili ya mwanzo ni ulimi. Kalsiamu ndiyo inayoendesha misuli, na ulimi wa kinyonga ni misuli mitupu inayofyatuka kupita urefu wa mwili wake. Aliyekuwa hakosi akianza kukosa shabaha, au ulimi ukatoka nusu tu, usisubiri.

Baadaye mikono hutetemeka, hushika kijiti bila nguvu, au hujishika mguu wake mwenyewe akidhani ni tawi. Mwisho miguu hupinda na taya huwa laini. Daktari anaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, na mnyama akaishi miaka, lakini mfupa uliopinda haunyooki tena vizuri.

Mdomo wazi: joto au mapafu?

Kinyonga aliyekaa chini ya taa akiwa ameachama huenda anajipoza tu. Akisogea kivulini akafunga mdomo, taa ni kali mno au iko karibu mno. Irudishwe mbali, taa iliyo karibu pia huunguza kishungi na mgongo, na kinyonga hana akili ya kukimbia moto wa taa mpaka ameshababuka.

Anayeachama akiwa penye ubaridi, kichwa amekiinua juu, ana mapovu au ute mdomoni, au anatoa sauti ya kukwaruza akipumua, huyo ana maambukizi ya njia ya hewa. Hayo hayaponi kwa kuongeza joto peke yake. Mara nyingi chanzo ni kizimba cha kioo kisichopitisha hewa, chenye unyevunyevu usiokauka kutwa. Majani yanatakiwa yakauke kati ya unyunyiziaji mmoja na mwingine.

Joto sahihi nalo linategemea anakotoka. Kinyonga wa Yemen mwenye kishungi kirefu huota vizuri penye nyuzi joto 29 hadi 32. Yule wa pembe tatu wa Mlima Kenya na Mlima Meru amezoea usiku wa kujifunika blanketi mbili; akiwekewa joto usiku na mchana, anayemhurumia ndiye anayemuua.

Uvimbe kando ya taya au kona ya mdomo ni wa kupeleka kwa daktari. Usaha wa reptilia ni mgumu, kama jibini, hautoki kwa kukamuliwa nyumbani.

Jike linalochimba

Wengi hawajui kwamba jike la kinyonga wa Yemen hutaga hata kama halijawahi kumwona dume. Mayai yanaweza kuwa makumi kwa mkupuo mmoja.

Akianza kushuka chini, kuzungukazunguka na kukwaruza sakafu, anatafuta mchanga. Asipoupata huyabania mayai ndani, na hayo humuua. Anahitaji ndoo yenye mchanga wenye unyevu, kina cha kama sentimita 30, na mahali pasipo na watu wa kumchungulia. Akihisi anatazamwa huacha shimo na kuondoka.

Jike aliyechimba siku kadhaa bila kutaga, kisha akakaa chini ametulia na macho yamefumba, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Daktari atapiga picha ya eksirei, kisha aamue kati ya dawa na upasuaji. Wale wa pembe tatu hawatagi. Huzaa watoto hai.

Wale waliotoka porini

Kinyonga aliyekamatwa porini karibu kila mara huja na vimelea. Akiwa huru aliishi navyo. Akibanwa na safari, njaa na woga, vimelea hupata nguvu. Kinyesi chenye harufu kali, cha majimaji, au kukonda huku anakula, ni sababu ya kupima kinyesi kwa hadubini. Hapa ndipo biashara ya soksi na maboksi ya aiskrimu inapokuwa na hasara mara mbili: mlima unapoteza mnyama, na mnunuzi anapata mgonjwa.

Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai mwaka 2016. Kenya na Tanzania zote, kumtoa kinyonga shambani na kumfanya wako bila kibali ni kosa kisheria. Ukimkuta kwenye ua akiwa amejeruhiwa, kinachofaa ni kuwaarifu maafisa wa wanyamapori, si kumtafutia kizimba.

Cha kufanya leo

Kwa anayefuga kihalali, vitu viwili vinasaidia kuliko vyote: mizani ya jikoni inayosoma gramu, na simu. Mpime kila wiki na kumpiga picha ya ubavuni, mahali pale pale. Jicho la mtu anayemwona kila siku halioni anavyokonda, picha za mwezi mzima zinaonyesha.

Akionekana mgonjwa, kwanza kagua joto, umri wa taa ya UVB na maji. Usimpe antibayotiki iliyobaki nyumbani. Dume mkubwa wa Yemen ana gramu 100 hadi 200 hivi, na dozi ya binadamu ikigawanywa kwa kukisia ni hatari. Tafuta daktari wa wanyama anayetibu reptilia. Wa mbwa na ng'ombe si lazima awe anawajua.

Osha mikono kwa sabuni kila unapomshika au kusafisha kizimba, kwani reptilia hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kinashauri watoto chini ya miaka 5 wasiwashike kabisa.

Safari ya kwenda kwa daktari iwe ndani ya boksi lenye matundu ya hewa na kijiti cha kushika, giza, bila wadudu ndani. Chukua pia kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye mfuko safi, na picha za kizimba chenye taa zake. Daktari mzoefu ataziomba hizo picha kabla hata hajamgusa mnyama.