Mnara wa Curon, na kijiji kilicho chini yake

Kuna kadi ya posta niliyopewa Malindi na mzee mmoja wa Kitaliano, katika wale waliolowea mji ule. Yeye alinipa kwa kuwa picha yapendeza. Mimi imeninyima raha hata nikaketi kuyaandika haya. Pichani pana ziwa la samawati, nyuma yake milima yenye theluji, na katikati ya maji umesimama mnara wa kengele wa kanisa. Uko peke yake. Hauna kanisa ubavuni, hauna nyumba wala njia. Nikamwuliza, “Mzee, ni nani huyo aliyekwenda kujenga majini?” Akacheka. “Hakuna aliyejenga majini. Ni maji yaliyoletwa.”

Msomaji mpenzi, pahala penyewe paitwa Curon Venosta, na wenyewe wenyeji, ambao takriban wote ni wasemaji wa Kijerumani, hupaita Graun. Ni manispaa ndogo ya watu wapatao 2,400, kaskazini kabisa mwa Italia katika mkoa wa Bolzano, pale nchi hiyo inapopakana na Austria na Uswisi. Kijiji kiko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Palla Bianca kilicho jirani hupita mita 3,700. Karibu na hapo huchimbuka mto Adige, wa pili kwa urefu katika Italia, ukateremka kilomita 410 hadi bahari ya Adriatiki. Warumi nao walipitisha njia yao, Via Claudia Augusta, katika upenyo huo huo wa milima, zama za Kaisari Claudius, karne ya kwanza Miladia. Si pembe iliyosahauliwa basi. Ni mlango wa watu tangu kale.

Mpaka Vita Vikuu vya Kwanza nchi ile ilikuwa ya Austria. Mkataba wa 1919 uliipa Italia, na baadaye Mussolini alipotawala, majina ya vijiji yakageuzwa na Kijerumani kikapigwa marufuku mashuleni. Watoto wakawa wasomeshwa lugha ya mama zao kwa siri, darini na mazizini. Sisi tuliokaa chini chuoni, ubao magotini, twajua jinsi herufi za kwanza zinavyoganda moyoni. Sidhani kama kuna amri iliyopata kuzibandua.

Na hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Bonde lile lilikuwa na maziwa matatu ya asili. Palikuwa na mpango wa zamani wa kuyainua maji mita 5 ili kupata umeme, jambo ambalo wanakijiji wangeweza kulivumilia. Kisha mpango ukabadilishwa, zikawa mita 22. Mwaka 1940 tangazo likabandikwa, kama sheria ilivyotaka, ili mwenye pingamizi aseme. Lakini lilibandikwa kwa Kiitaliano! Wakulima wale, wafugaji wa ng’ombe, wengi hawakukifahamu. Siku zikapita, hakuna aliyenena, na kimya chao kikahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Vita vikasimamisha kazi, watu wakadhani balaa imekwisha. Haikwisha. Vilipotulia, kampuni ya Montecatini ilirudi, na fedha za Uswisi zikaingia. Padri wa kijiji, Alfred Rieper, aliwaongoza watu wake kulalamika, akafika hata Roma mbele ya Papa Pius wa Kumi na Mbili. Maskini, hakurudi na kitu. Mimi si wa dini yake, ila namwona kuwa alisimama pale imamu yeyote wa mtaa angepaswa kusimama.

Julai 1950 kengele ziliteremshwa, kisha kanisa na nyumba zikalipuliwa. Nyumba 163 zilikwenda, na hekta 523 za konde na malisho zikafunikwa. Familia nyingi zilihama moja kwa moja. Waliosalia walipangwa kwanza katika vibanda vya muda. Kilichoachwa ni mnara tu, kwa sababu ulijengwa mwaka 1357, karne ya nane ya Hijria, na sheria ya makumbusho iliulinda. Hebu fikiri: jiwe lilipata hifadhi, wenye kuishi kando yake hawakuipata.

Curon mpya ilijengwa juu kidogo, ukingoni mwa ziwa, na mnara ndio nembo yake. Watalii huja kwa makundi kuupiga picha. Wakati wa baridi maji huganda hata mtu akatembea kwa miguu mpaka ukutani pake, na husemwa kuwa usiku hengele huko chini zalia, ingawa zilikwisha ondolewa. Juu ya ziwa, uwandani Plamort, bado yako mahandaki na vizuizi vya vifaru alivyoviweka Mussolini kuwazuia Wajerumani, waliokuwa eti rafiki zake. Mnara wenyewe ulipasuka nyufa, ukakarabatiwa mwaka 2009. Na tangu sheria ya utawala wa ndani ya mwaka 1972, Kijerumani kina haki sawa na Kiitaliano katika mkoa ule, na matangazo ya serikali hutolewa kwa lugha zote mbili.

Mwaka 2021 maji yalipunguzwa kwa ajili ya matengenezo, na kijiji kikajitokeza baada ya miaka sabini na moja: misingi ya kuta, vyumba vya chini vya kuwekea chakula, ngazi za mawe zisizokwenda popote. Watu walishuka wakatembea juu ya matope. Kisha ziwa likajazwa tena, likarudi kuwa kama lilivyo kwenye kadi yangu.