Kutoka Nyika ya Dodoma Hadi Milima ya Babati

Barabara ya Dodoma–Babati, yenye takriban kilomita 250 za lami, ni kipande cha njia kuu ya Cape Town hadi Cairo. Anayetoka stendi kuu ya mabasi Nzuguni hupita mjini, kisha hushika kaskazini. Kwanza huja nyika kame: mibuyu, miiba, mashamba ya uwele, na makorongo ya mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Baada ya Kondoa vilima huanza. Kolo kuna michoro ya miambani, watu wembamba na wanyama kwa rangi nyekundu, iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuanzia Bereko kona huongezeka hadi Babati, penye ziwa la viboko. Kusini-magharibi husimama Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400.