Kukata Neno Mwishoni mwa Mstari: Aya za Kiswahili katika Lebo za Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Miji ya Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, ni miongoni mwa vituo vikubwa vya viwanda nchini Kenya. Mananasi hutiwa makoponi Thika, mafuta ya kupikia hutengenezwa huko huko, na maziwa hufungwa Ruiru. Viwanda hivyo vimezungukwa na mashamba ya kahawa, mboga na matunda, ambayo wakulima wake hutegemea dawa za kuua wadudu na ukungu. Si ajabu kwamba aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, na ambayo ilisifiwa kwa kustahimili chulebuni na kutu ya majani na hivyo kupunguza unyunyizaji wa dawa, ilipewa jina la mji wa utafiti wake: Ruiru 11.

Bidhaa hizi zote hazitoki kiwandani wala dukani bila lebo, na katika lebo nyingi Kiswahili kina sehemu yake. Wataalamu wa lugha wameshughulikia zaidi msamiati wa matangazo na tafsiri zake. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni umbo la aya yenyewe: neno likatwe wapi mstari unapokwisha, herufi ziwe na ukubwa gani, na mstari unyooshwe vipi. Mambo haya huachiwa fundi wa kompyuta, naye huyaachia programu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uamuzi huo ni wa kiisimu kabla ya kuwa wa kiufundi, na kwamba ukifanywa ovyo waweza kumwamuru msomaji atende lile analokatazwa.

2.0 Aya katika programu za lebo

Programu za kubuni lebo hutofautisha aina mbili za maandishi. Ya kwanza ni maandishi huru, ambayo hukaa mahali yalipoandikwa na hayavunjiki mpaka fundi ayavunje mwenyewe. Haya hufaa jina la bidhaa. Ya pili ni maandishi ya aya, ambayo hukaa ndani ya fremu yenye upana uliowekwa, na kila mstari unapojaa programu huyashusha yenyewe. CorelDRAW, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1989, hutenganisha aina hizi mbili waziwazi. Programu zilizoundwa mahsusi kwa ajili ya lebo, kama vile BarTender na NiceLabel, zaweza pia kuamriwa zipunguze ukubwa wa herufi zenyewe hadi maneno yote yaenee katika fremu.

Kwa hiyo kila aya ya lebo huhitaji maamuzi manne: upana wa fremu, unyooshaji wa kingo, ukataji wa maneno kwa kistari, na ukubwa wa herufi. Maamuzi hayo hutegemeana, na chanzo cha kutegemeana huko ni umbo la neno la Kiswahili.

3.0 Urefu wa neno na upana wa mstari

Kiswahili hubebesha neno moja mzigo ambao lugha nyingine huugawanya katika maneno manne au matano. Katika neno usilitumie mna nafsi, ukanushi, yambwa, mzizi na kiishio. Natija yake ni kwamba mstari wa Kiswahili una maneno machache yaliyo marefu, na kwa hiyo una nafasi chache baina ya maneno.

Tuchukue fremu yenye upana wa milimita 40 na herufi za pointi 6. Ikiwa kila herufi huchukua, kwa wastani, nusu ya ukubwa huo, yaani milimita 1 na kidogo, mstari utabeba takriban herufi 38, ambazo ni maneno matano au sita. Neno lenye herufi 14 lisipoenea mwishoni, nafasi ya hadi herufi 13 hubaki tupu. Fundi akiwa ameamuru kingo zote mbili zinyooshwe, programu itausambaza utupu huo katika mapengo machache tu, na aya itajaa mashimo. Ili kuyaziba, fundi huwasha ukataji wa maneno. Hapo ndipo tatizo la lugha linapoanza.

4.0 Kanuni ya irabu

Ukataji wa maneno kwa kompyuta uliendelezwa sana na Franklin Liang, ambaye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 1983 ilionyesha jinsi ruwaza za herufi zinavyoweza kuchopolewa katika kamusi na kutumiwa kukisia mahali pa kukata. Ruwaza za namna hiyo ni za lugha moja moja. Programu ambayo imeelekezwa kwenye Kiingereza hukata Kiswahili kwa mazoea ya Kiingereza, lugha ambayo silabi zake nyingi hufungwa na konsonanti. Matokeo kama kun-yunyizia au cham-bo huweza kupatikana, ambapo ny na mb zimepasuliwa.

Silabi ya Kiswahili, kinyume chake, huishia katika irabu isipokuwa kwa nazali inayojitegemea na baadhi ya maneno ya mkopo. Kutokana na ukweli huo yaweza kutungwa kanuni moja fupi: neno likatwe baada ya irabu tu. Kanuni hii ina faida tatu.

Kwanza, hulinda herufi ambatani zote: ch, dh, gh, kh, ny, sh, th na ng'. Ritifaa ya ng'ombe haiwezi kuachwa ukingoni, kwa kuwa mkato hutangulia ng'.

Pili, hutatua utata wa nazali. Katika kumbuka, mb ni mwanzo wa silabi moja, ku-mbu-ka. Katika kumbeba, m ni yambwa na ni silabi yake, ku-m-be-ba. Kwa kutazama herufi pekee, kompyuta haiwezi kuzitofautisha hali hizi mbili. Mkato unaotangulia nazali, ku-mbuka na ku-mbeba, haukosei katika hali yoyote kati ya hizo.

Tatu, huyameza maneno ya mkopo bila orodha ya pekee. Mwanafonolojia atapendelea plas-tiki na dak-tari, lakini pla-stiki na da-ktari hazimpotezi msomaji, na kanuni hubaki moja.

5.0 Ukanushi ukingoni

Hata hivyo, kanuni ya silabi ni ya lazima lakini haitoshi. Tuangalie sentensi ya aina inayotarajiwa katika lebo ya dawa ya mimea:

Usilitumie kopo hili kuwekea chakula au maji.

Mkato usi-litumie ni sahihi kabisa kifonolojia. Lakini ukitokea, mstari wa pili utaanza hivi:

litumie kopo hili kuwekea chakula au maji.

Mstari huu si kipande cha sentensi. Ni amri kamili, yenye sarufi isiyo na dosari, na maana yake ni kinyume cha ile iliyokusudiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa usi-imwage na usi-ichome. Katika wakati ujao, kikanushi ha- huleta hatari ileile, kwa kuwa kiishio cha kitenzi hakibadiliki: hayatadhuru, likikatwa baada ya ha-, huacha yatadhuru mwanzoni mwa mstari. Sababu ni ya kimuundo. Kiswahili huuweka ukanushi wake mwanzoni mwa neno, yaani upande ule hasa ambao huachwa nyuma mstari unapovunjika. Jicho la msomaji anayetafuta maagizo upesi, chupa ikiwa mkononi na pampu ikiwa mgongoni, hutua mwanzoni mwa mistari.

Dawa ya jambo hili ni rahisi. Programu nyingi zinazokata maneno humruhusu fundi kuweka idadi ya chini ya herufi zinazotangulia kistari. Idadi ya mbili au tatu, ambayo yafaa Kiingereza, haifai hapa. Viambishi usi-, msi- na isi- vina herufi tatu. Yasi-, lisi-, zisi-, visi- na wasi- vina nne. Idadi ikiwekwa kuwa tano, mikato hii yote huzuiwa kwa pigo moja. Lililo bora zaidi ni kutokukata kitenzi kikanushi kabisa, na katika maandishi ya tahadhari kuzima ukataji, kunyoosha ukingo wa kushoto tu, na kuuacha wa kulia ulivyo.

Msomaji wa mwisho bado ahitajika, kwani kuna mikato isiyo na kosa la kanuni ila yenye kuchekesha: kuondoa likikatwa kuo-ndoa, mstari unaofuata utaanza kwa ndoa.

6.0 Nambari na vipimo

Katika Kiswahili nambari hufuata nomino: siku 7, lita 20, mililita 5. Mpangilio huu huifanya nambari iwe rahisi kudondokea mstari unaofuata. Tuseme agizo ni hili: Rudia baada ya siku 7. Usinyunyize kabla ya mvua. Mstari ukivunjika baada ya siku, unaofuata utaanza: 7. Usinyunyize kabla ya mvua. Kwa msomaji hiyo ni hatua ya saba ya maagizo, na muda wa kurudia umetoweka. Baina ya kipimo na nambari yake yapasa kuwekwa nafasi isiyovunjika, ambayo programu nyingi za aya zinayo.

7.0 Ukubwa wa herufi na hadhi ya lugha

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikwenda mbali zaidi kwa kuipimia lugha eneo: maonyo kwa Kiingereza na Kiswahili, yasiyopungua asilimia 30 ya uso wa mbele wa pakiti na asilimia 50 ya uso wa nyuma. Lakini eneo pekee halitoshi. Ikiwa fremu mbili zina upana sawa na programu imeamriwa kupunguza herufi mpaka maneno yaenee, lugha ambayo maandishi yake ni marefu zaidi ndiyo itakayopunguziwa. Kwa kulinganisha, Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1169 ya mwaka 2011 hutaka, katika maelezo ya lazima ya chakula, urefu wa herufi x usipungue milimita 1.2, au 0.9 kwa vifungashio vidogo. Herufi ya pointi 6, ambayo x yake ni kama nusu ya ukubwa huo, hupata milimita 1.06, ikishushwa hadi pointi 4 hupata 0.7 tu. Heri tafsiri ifupishwe na mtu aijuaye lugha kuliko herufi kufupishwa na mashine isiyoijua.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba aya ya Kiswahili katika lebo yahitaji masharti machache: mkato baada ya irabu tu, herufi tano au zaidi kabla ya kistari, kitenzi kikanushi kisichokatwa, nambari isiyotengwa na kipimo chake, na ukubwa wa herufi usioachiwa programu. Masharti haya yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani mwa chumba cha fundi, Thika au Ruiru. Idara za Kiswahili ndizo zenye ujuzi wa kuuandika ukurasa huo. Fonolojia na mofolojia zinazofundishwa darasani zina kazi katika kopo la dawa, na mkulima anayelisoma hana mhariri mwingine.