Mbona Redio ya Gari Inakwaruza?

"Mjomba, mbona redio ya gari inakwaruza tukifika Katelembo? Si ni ya dijitali?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu! Wakubwa wengi hupiga tu dashibodi ngumi. Wewe umeuliza. Ingia tuketi, ila funguo nabaki nazo mimi.

Tazama. Nambari zinawaka vizuri. Lakini nambari kuwaka si dijitali. Sauti yenyewe inakuja kwa FM, ileile waliyosikiliza wazazi wako. Redio ya dijitali kwelikweli iko kwingine. Norway, kwa mfano, ilizima FM ya stesheni zake za kitaifa mwaka 2017. Redio ya dijitali haikwaruzi. Nguvu ya mawimbi ikipungua sana, inakatika, kimya! Umewahi kuona runinga yetu, tangu tuhamie dijitali mwaka 2015, picha ikiganda mdomo wa mtangazaji ukiwa wazi? Ndiyo hivyo.

"Basi yetu inaugua nini?"

Kwanza, kuna stesheni isizozifikia kabisa, maana gari hili lilizaliwa Japan. Kule FM huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi iliishia 90. Hapa Kenya tunaanzia 87.5 mpaka 108. Sasa fikiria redio hii ni matatu inayotoka Machakos na kugeuzia Kyumbi, na stesheni ni abiria. Abiria wa Athi River wamejaa stejini. Wa Mlolongo wamejaa stejini. Matatu haifiki. Je, ni mbovu? Hapana! Njia yake imeishia hapo.

"Wale abiria watafanyaje?"

Fundi hufunga kisanduku kidogo, bendi ekspanda, kati ya waya wa antena na redio. Kisanduku huwaleta abiria hadi Kyumbi. Kikiwa cha kushusha 20, stesheni ya 102 utaikuta kwenye 82. Ujanja, sivyo? Ila hakiongezi nguvu. Na mara nyingine stesheni mbili hujikuta kiti kimoja, zikaongea pamoja kama mashangazi arusini. Mimi pesa ikiwepo, nabadilisha redio yenyewe.

"Na kama redio ni mpya na bado inakwaruza?"

Hapo umuulize antena. Msikilize, ana kinyongo.

"Mimi ndiye ninayesimama juani na mvuani, lakini lawama ni kwa redio! Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3. Nikiwa na robo yake, sentimita 75 hivi, nayadaka vizuri. Ukinikata nibaki urefu wa kidole ili gari lipendeze, nadaka machache. Skrubu yangu ikilegea, nakosa. Kutu ikiingia, nakosa. Mguu wangu usipogusa chuma kisafi cha gari, nakosa. Na ndugu yangu aliyechorwa kwenye kioo cha nyuma? Yeye ana kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Fundi akibadilisha redio akasahau waya mmoja mdogo, mara nyingi wa buluu, ndugu yangu analala njaa."

Umesikia? Tena waya huo wa buluu husahaulika mara kwa mara, na mwenye gari hukimbilia dukani kununua antena nyingine.

"Mjomba, tuanze na nini?"

Tuanze na kisichogharimu hata shilingi. Redio ikiwa inakwaruza, chomoa chaja ya simu. Sikiliza. Makwaruzo yamepungua? Basi mchawi ni chaja! Chaja duni hutoa kelele ya umeme ambayo sikio lako halisikii, lakini antena anaisikia. Zima pia kamera ya dashibodi. Zima zile taa za LED alizobandika kaka yako. Sikiliza tena. Kisha ndipo tushike skrubu ya antena, tuing'arishe kwa msasa, tuikaze.

"Na milima je?"

Ah, hapo umenipata! Mawimbi ya FM hupenda njia iliyonyooka. Kilima kikisimama kati ya gari na mnara, sauti hufifia, na vilima vya Mua na Iveti havihamishwi na fundi yeyote. Lakini stesheni kubwa zina minara mingi, na kila mnara una nambari yake. Stesheni ikififia, usikaze skrubu tena. Tafuta nambari yake nyingine.

"Kwa hiyo tukienda Kitui kwa nyanya, nambari itabadilika?"

Huenda ikabadilika. Na wewe ndiye utakayeitafuta, maana mimi nitakuwa nimeshika usukani.