Matanga Yakiisha

Mimi huuza nyanya Daraja Mbili, mjini Kisii, na jioni nasomea ushauri nasaha wa waliofiwa. Kwetu Gusii mazishi hayakosi watu: kamati, michango, sufuria za wali. Wiki mbili baadaye hema limerudi kwa mwenyewe, na mjane kabaki na deni la mochari. Hapo ndipo kazi tunayosomea huanzia.

Neno la kwanza tulilokatazwa darasani ni "jikaze". Mfiwa aachwe aeleze alivyokufa mtu wake, hata kama ulishasikia.

Wengi wamesikia hatua tano za huzuni za daktari Elisabeth Kübler-Ross, za mwaka 1969. Alizitoa kwa wagonjwa waliokaribia kufa, si kwa wafiwa, basi usimpimie mjane nazo. Mimi nawakubali zaidi watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi. Mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara analia, mara anapanga karo. Jirani yangu sokoni, aliyefiwa, humhesabia mteja chenji, mteja akiondoka anafuta macho kwa leso, kisha anapanga nyanya upya. Wanaomsema eti amesahau mapema wanamwonea. Anapumua kidogo tu.

Ila huzuni kali ikizidi miezi sita, mtu hali wala halali, hawezi kazi, Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa maradhi ya kutibiwa. Ukienda kwa mshauri, kumbuka sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inamtaka awe amesajiliwa. Uliza cheti kabla hujamfungulia moyo.