Utalii Kedowa: kaunti ishike wapi?

Sisi wa Pwani tukisikia utalii twawaza bahari. Kedowa, kaunti ya Kericho, kuna mashamba ya chai, msitu wa Mau jirani, na reli ya zamani ya Kisumu inayoteremkia Fort Ternan, ambako mwaka 1961 Louis Leakey alifukua mabaki ya kiumbe wa jamii ya sokwe, wa miaka kama milioni 14.

Nani aviendeshe? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti utalii wa mashinani na kuiachia serikali kuu sera. Lakini misitu ina shirika lake, mabaki ya kale ni ya Makavazi ya Taifa, na chai ina wenyewe. Hata kwetu, hifadhi ya Kisite iko mikononi mwa shirika la wanyamapori.

Kaunti imebakiwa na barabara ndogo, vyoo, taka, leseni. Si haba! Ila naona kazi nzito ni mkataba, uandikwe kabla wageni hawajaja: kijana anayewaongoza apate ngapi, mama anayewapikia apate ngapi. Wanawake wa Wasini wana njia yao ya mbao kwenye bustani ya matumbawe, na kiingilio wanakipokea wenyewe.